Kipimo cha Jeni na Ngozi Isiyopona

Mikosisi fungoidesi ni saratani ya chembe nyeupe za damu inayoanzia kwenye ngozi na mara nyingi kubaki hapo hapo. Katika kundi la limfoma za ngozi za seli T, hii ndiyo inayoonekana zaidi. Daktari Mfaransa Jean-Louis Alibert, wa hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, aliieleza mwaka 1806 kwa mgonjwa aliyetokwa na uvimbe mfano wa uyoga. Baadaye katika karne hiyo hiyo Ernest Bazin, Mfaransa mwenzake, alionyesha kwamba uvimbe huo huja mwishoni: hutanguliwa na mabaka bapa, kisha mabaka mazito yanayoshikika kwa vidole. Kati ya baka la kwanza na uvimbe inaweza kupita miaka kumi, ishirini au zaidi, na wagonjwa wengi hawafiki huko kamwe.

Shida yote iko kwenye hatua ya kwanza. Baka la mikosisi changa linafanana na pumu ya ngozi, linafanana na soriasisi, linafanana na choa. Kwenye ngozi nyeusi linafanana pia na utangotango na hata ukoma. Pengine linawasha, pengine haliwashi. Likipakwa dawa linafifia, dawa ikiisha linarudi. Ndiyo maana hata katika nchi zilizo na madaktari bingwa wa ngozi wa kutosha, miaka kadhaa hupita tangu doa la kwanza mpaka ugonjwa upewe jina lake. Mwaka 1902 Louis Brocq alilipa kundi la mabaka sugu ya namna hii jina la parasoriasisi, na ubishi kuhusu baadhi yake, kama ni limfoma changa au ni kitu kinachoweza kugeuka limfoma, haujaisha hadi leo.

Kipimo cha jeni kiliingia katika ubishi huo kikitarajiwa kuumaliza. Mwandishi wa kumbukumbu hizi alikuwa fundi sanifu wa maabara ya patholojia katika hospitali moja ya rufaa nchini Tanzania, kwenye benchi ambako vinyama vya wagonjwa hugeuzwa kuwa slaidi. Alikiona kipimo hicho kikisubiriwa kwa hamu, kikiaminiwa kupita kiasi, kisha kikiwekwa mahali pake. Kilichomrudisha kwenye mambo hayo sasa ni mpwa wake, mwenye pumu ya ngozi tangu utotoni, aliyesoma kwenye simu habari za wagonjwa wa Ulaya na Marekani waliochomwa sindano za dupilumab, dawa ya pumu ya ngozi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, na baadaye wakagundulika kuwa na limfoma ya ngozi.

"Mjomba, kumbe pumu ya ngozi ni saratani?" aliuliza. "Niwachukue na watoto tukapimwe DNA?"

"Watoto wa nini tena?"

"Si ni jeni, mjomba? Si watakuwa wamerithi?"

Hayo ni maswali mawili, nayo huchanganywa hata na watu wanaofanya kazi hospitali. La kwanza linahusu ugonjwa sugu wa ngozi na uwezekano wake wa kuwa saratani. La pili linahusu kitu ambacho kipimo chenyewe kinasoma, na ni vema lianze hilo.

Seli T ni chembe za kinga, na kila moja ina kipokezi kinachotambua kitu chake mahsusi. Mwili hauna jeni za kutosha kuiandikia kila seli kipokezi chake. Badala yake, seli changa ikiwa bado kwenye tezi ya thimasi hukata vipande vya jeni zake, hutupa baadhi, na kuunga vilivyobaki kwa kubahatisha, huku herufi chache zikiongezwa na nyingine zikiondolewa kwenye maungio. Susumu Tonegawa, Mjapani, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1970 kwamba jeni za kingamwili hupangwa upya namna hii, na kazi hiyo ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1987. Jeni za kipokezi cha seli T zilifuata mwaka 1984. Seli ikishamaliza kujipanga, uzao wake wote hubeba mpangilio ule ule.

Kwa hiyo ngozi iliyovimba kwa mzio au maambukizi hujaa seli T za koo nyingi, zilizoitwa kutoka kila upande. Ngozi yenye limfoma hutawaliwa na uzao wa seli moja. Kipimo kinachotumika sana hunakili kwa PCR maungio ya jeni ya gama ya kipokezi, iliyoko kwenye kromosomu ya 7, na mashine huzipanga nakala kwa urefu. Koo zikiwa nyingi, mchoro unaotoka hupanda na kushuka taratibu kama kilima. Ukoo mmoja ukiwa umetawala, mwiba mmoja husimama peke yake juu ya kilima hicho, au kilima kisiwepo kabisa.

Mpangilio huo ulifanyika ndani ya seli moja ya mtu mmoja. Haumo kwenye yai wala kwenye mbegu ya kiume, na mtoto hawezi kuupokea kwa mzazi. Visa vya ndugu wawili wenye mikosisi vimeandikwa, lakini ni vya nadra mno na hakuna jeni moja ya kurithi inayopimwa kwa ajili hiyo. Vipimo vya mate vinavyotangazwa mitandaoni, vinavyomweleza mtu asili ya mababu zake, havigusi habari hii hata kidogo. Watoto wa mpwa hawakuwa na cha kupimwa.

Kinyama cha kwanza cha aina hii ambacho mwandishi anakikumbuka kilitoka kwa mama wa makamo mwenye mabaka meupe kiunoni, kwenye makalio na kwenye mapaja. Fomu iliyokuja nacho ilikuwa na maelezo mengi kuliko kawaida ya fomu za maabara, ambazo nyingi huandikwa "kidonda" na sahihi. Mama huyo alianza kwa kutibiwa utangotango. Akapaka na kumeza dawa za fangasi, mabaka yakabaki. Kisha akashukiwa ukoma. Alichanjwa kwenye ndewe ya sikio kutafuta vimelea, havikuonekana, na alipoguswa kwa pamba juu ya mabaka huku amefumba macho alihisi kila mguso, ilhali baka la ukoma kwa kawaida hufa ganzi. Baada ya hapo alipewa krimu za steroidi. Zikamsaidia, na nafuu hiyo ikawatuliza wote kwa muda mrefu.

Mahali mabaka yalipokaa palitosha kumfanya mtu aulize. Mikosisi hupendelea ngozi isiyopigwa na jua: makalio, mapaja kwa juu, kiuno, chini ya matiti. Weupe nao haukuwa ajabu. Vitabu vingi vya Ulaya vimeonyesha ugonjwa huu kwa picha za wekundu, lakini kwa watu weusi, hasa vijana, aina ya mabaka yaliyopungukiwa rangi ni ya kawaida. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba Wamarekani Weusi huupata ugonjwa huu zaidi ya Wazungu, tena katika umri mdogo zaidi. Aliyesomeshwa kwa picha za wekundu anaweza kulitazama baka la namna hii kila kliniki asilione. Kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza Moshi mwaka 1992, kando ya hospitali ya KCMC, kimesomesha maafisa tabibu wa nchi nyingi za Afrika kuisoma ngozi nyeusi kama ilivyo. Mmoja wa waliopita huko ndiye aliyeandika chini ya fomu ya mama huyu, kwa herufi kubwa: "SI LIMFOMA HII?"

Vinyama vyake vya awali vilikuwa vimesomwa kuwa ukurutu sugu. Safari hii mpatholojia alipoiweka slaidi kwenye hadubini alimwita fundi aje aone. Kwenye ukurutu, limfosaiti, yaani zile chembe nyeupe ambazo seli T ni sehemu yake, huingia tabaka la juu la ngozi pamoja na majimaji, na seli za tabaka hilo huachana. Hapa tabaka lilikuwa kavu. Limfosaiti zilikuwa zimejipanga moja moja kwenye mstari wake wa chini kabisa, kila moja ikizungukwa na duara jeupe, viini vyake vyeusi na vyenye mikunjo. Na juu kidogo, mahali pawili, zilikuwa zimejikusanya katika vifungu vidogo ambavyo vitabu huviita vya Pautrier. Hata hivyo mpatholojia hakuandika limfoma. Aliandika kwamba sura hiyo inaelekea huko, akaomba vinyama kutoka mabaka mawili yaliyo mbalimbali, baada ya mgonjwa kuacha krimu kwa wiki chache. Steroidi hupunguza limfosaiti kwenye ngozi, na kinyama kilichokatwa chini ya krimu mara nyingi hakina la kueleza.

Tatizo la krimu ni kubwa Afrika Mashariki kuliko linavyosemwa. Steroidi kali kama klobetasoli huuzwa madukani bila cheti, nyingine ndani ya vipodozi vya kujichubua, na mgonjwa anayeulizwa "unatumia dawa gani?" hahesabu kipodozi kuwa dawa. Anayekata kinyama inafaa aulize anachojipaka mtu kila siku baada ya kuoga.

Hospitali haikuwa na uwezo wa kufanya kipimo cha jeni, hivyo vinyama vilipelekwa nje ya nchi vikiwa ndani ya bloku za nta. Maabara iliyokubali kuvipima ilituma masharti yake kwanza. Kila bloku ikatwe kwa wembe mpya, na kati ya mgonjwa na mgonjwa ikatwe bloku tupu, ili mabaki ya mmoja yasiingie kwa mwingine. Vipande viwe vya mikroni 10 na viingie moja kwa moja kwenye vichupa vyenye vifuniko. Kwa mtu aliyezoea vipande vya mikroni 4, vinavyoelea kwenye maji ya uvuguvugu na kuokotwa kwa slaidi, hiyo ilikuwa kazi nyingine kabisa. Kipande kinene hujikunja chenyewe kinapotoka kwenye wembe, na upepo wa feni watosha kukirusha hadi kwenye kichupa cha jirani. Feni ikazimwa, na chumba kile kikawa cha kutokwa jasho.

Majibu yalipokuja, mengine yalisema hakuna cha kusoma. Sababu ilikuwa fomalini. Kimiminika hicho hulinda umbo la nyama, lakini hukatakata nyuzi za DNA, zaidi kikiwa na asidi, na zaidi tena kinyama kikilala humo siku nyingi. Vinyama kutoka wilayani vilikuja kwa basi ndani ya vichupa vya dawa vilivyooshwa, fomalini imechanganywa kwa kukisia, vikangoja mwisho wa juma upite, kisha vikangoja ndugu wa mgonjwa walipie. Kwenye slaidi ya kawaida hasara hiyo haikuonekana, kwa kuwa umbo lilibaki zuri. Ilionekana pale tu jeni ilipotakiwa. Kinyama cha ngozi kinatosheka na siku moja hadi mbili katika fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa kwa chumvi zake. Kwa maoni ya mwandishi, katika miaka ile chupa ya fomalini iliyochanganywa vizuri ingewafaa wagonjwa wengi kuliko mashine mpya. Lakini fomalini haikatiwi utepe na mgeni rasmi.

Vinyama vya yule mama vilisomeka. Baka la kiuno na baka la paja yalitoa mwiba wa urefu ule ule. Ukoo mmoja unapoonekana sehemu mbili za mwili zilizo mbali, ushahidi huwa mzito kuliko ukoo ulioonekana mahali pamoja, kwa maana uvimbe wa kawaida wa ngozi hauna sababu ya kuzalisha seli zile zile kila upande. Ugonjwa wake ulikuwa bado wa mabaka tu. Alirudishiwa steroidi ya kupaka, ambayo ni mojawapo ya tiba halali za hatua hiyo, pamoja na mwanga wa urujuanimno inapopatikana. Dawa yake haikubadilika sana. Kilichobadilika ni tarehe za kliniki, na kukaguliwa tezi kila alipokuja.

Kisa kilichofuata kilikwenda kinyume. Mwashi mmoja alikuwa na ngozi nene iliyopasuka mikononi, na katika miaka ya karibuni mabaka yalikuwa yamepanda hadi shingoni na kifuani. Saruji ina kromiamu, na mzio wa madini hayo ni ugonjwa wa kazi unaojulikana kwa waashi. Lakini kinyama chake kilijaa limfosaiti, na kwa kuwa kipimo cha jeni sasa kilikuwa gumzo, kiliagizwa mapema, kabla slaidi haijajadiliwa. Jibu likaja: ukoo mmoja umeonekana. Karatasi ilipofika wodini ilisomwa kama hukumu, na habari za kumwanzishia dawa za saratani zikaanza kuzungumzwa mbele ya mke wake.

Aliyezuia ni daktari bingwa wa ngozi, mtu wa maneno machache, ambaye badala ya kubishana na karatasi alikwenda kumvua mgonjwa shati. Mabaka yalianzia pale vumbi na uji wa saruji vinapogusa. Makalio na mapaja yalikuwa safi. Slaidi ilipotazamwa tena ilionyesha majimaji tele kwenye tabaka la juu na hakuna mstari wa limfosaiti. Mwashi akatolewa kwenye saruji, akapewa kazi ya kusimamia stoo, na ngozi ikaanza kulainika. Kinyama kilichokatwa baadaye kilitoa mwiba mwingine, wa urefu tofauti na wa kwanza. Koo mbili tofauti katika nyakati mbili si tabia ya limfoma.

Maelezo yake yanajulikana. Uvimbe wa muda mrefu huzalisha koo. Seli inayotambua kitu kinachoichokoza ngozi kila siku huongezeka kuliko wenzake, na hiyo ni kazi ya kinga inavyotakiwa kuwa. Tena kinyama kikiwa na seli T chache, PCR inaweza kunakili zile chache tu zilizomo na kutoa mwiba usio na maana yoyote. Ukoo mmoja umeonekana kwenye laikeni plana na magonjwa mengine ya ngozi yasiyo saratani, na katika damu ya wazee wenye afya njema ni jambo la kawaida.

Wataalamu wa limfoma za ngozi walilizingatia hilo walipopendekeza mwaka 2005 mfumo wa alama za kutambua mikosisi changa. Zinahitajika alama 4. Sura na mahali pa mabaka vinaweza kutoa hadi 2, slaidi hadi 2, rangi maalumu za kutambua aina ya seli 1, na kipimo cha jeni 1. Mtu mwenye jibu la ukoo mmoja na asiye na kingine ana alama 1 kati ya 4. Mwashi yule, kwa hesabu hiyo, hakukaribia.

Upande wa pili wa kosa hilo ni jibu la "hakuna ukoo". Kijana mmoja mwenye mabaka bapa mapajani alipewa jibu hilo, akashukuru Mungu na kuacha kliniki. Aliporudi baada ya muda mrefu alikuwa na uvimbe, na safari hiyo mwiba ulionekana bila shida. Katika mabaka ya mwanzo seli za saratani ni chache mno kati ya seli nyingi za kawaida zilizokuja kuzizunguka, na mwiba wake huzama ndani ya kilima. Kipimo hiki hufanya kazi vizuri zaidi ugonjwa ukiwa umekomaa, yaani wakati ambapo hakihitajiki sana. Ndiyo kasoro yake kubwa, na maelezo ya kibiashara ya vipimo huwa hayaanzi nayo.

Mahali ambapo kipimo kiliwahi kumaliza ubishi mbele ya mwandishi ni kwa mzee aliyeenewa na ugonjwa mwili mzima. Ngozi yake yote ilikuwa imeiva na kupukutika magamba, nyayo zimekuwa ngumu, mitoki imejaa, na kuwasha hakumpi usingizi. Hali hiyo inaweza kuletwa na soriasisi, na pumu ya ngozi, na dawa alizomeza mtu, na vilevile na ugonjwa ulioelezwa mwaka 1938 na Albert Sézary, ambamo seli za limfoma zimo kwenye ngozi na kwenye damu kwa pamoja. Hapo kulinganisha kuna nguvu: mwiba wa kinyama ulipowekwa kando ya mwiba wa damu, ulikuwa ule ule. Kwa mgonjwa wa mwili mzima jibu hilo humwelekeza daktari kwenye tiba tofauti kabisa, na kumwepusha na dawa za kushusha kinga ambazo kwa soriasisi zingefaa na kwa limfoma zingeweza kumdhuru.

Kwa wagonjwa wanaotoka Kongo swali jingine hutangulia. Afrika ya Kati ni miongoni mwa maeneo yenye virusi vya HTLV-1, sawa na kusini magharibi mwa Japani na visiwa vya Karibi. Virusi hivyo, vilivyotengwa mara ya kwanza mwaka 1980, huambukizwa kwa kunyonyesha, kwa kujamiiana na kwa damu. Wengi walio navyo hawaugui kamwe. Wachache, baada ya miongo kadhaa, hupata limfoma ya seli T ambayo mara nyingi hujitokeza kwenye ngozi na huweza kufanana na mikosisi kabisa. Baadhi ya watoto wenye HTLV-1 hupata ukurutu mkali unaotoa usaha kichwani, masikioni na puani, na miongoni mwao wamo ambao baadaye hupata limfoma hiyo. Kipimo cha damu cha virusi ni rahisi kuliko kipimo chochote cha jeni, na kinapaswa kuombwa mapema.

Swali la kwanza la mpwa lina jibu la tahadhari. Uchunguzi wa watu wengi umeonyesha kwamba wenye soriasisi, na pengine wenye pumu ya ngozi kali, hupata limfoma zaidi kidogo kuliko wasio nazo, na tofauti hiyo huonekana zaidi kwenye limfoma za ngozi za seli T. Lakini limfoma hizo ni nadra, na nadra iliyoongezeka kidogo hubaki nadra. Sehemu ya ongezeko hilo pia ni ya kiini macho: baadhi ya watu walioandikwa kuwa na soriasisi au pumu ya ngozi walikuwa na mikosisi tangu mwanzo. Habari za dupilumab zina tafsiri hiyo hiyo kwa sehemu kubwa. Wengi katika visa vilivyoandikwa walikuwa watu wazima ambao ugonjwa wao ulianza ukubwani, bila historia ya pumu wala mzio, na huenda sindano iliuondoa uvimbe wa kawaida na kuuacha ugonjwa wa kweli uonekane. Kama dawa yenyewe huuharakisha kwa wengine ni jambo linaloendelea kuchunguzwa.

Kwamba uchokozi wa muda mrefu wa kinga unaweza kuandaa njia ya limfoma si jambo geni Afrika Mashariki. Denis Burkitt alieleza mwaka 1958, akiwa Kampala, uvimbe wa taya wa watoto ambao baadaye ulihusishwa na virusi vya Epstein-Barr na malaria isiyokatika. Ila malaria huwapata mamilioni ya watoto na limfoma ya Burkitt huwapata wachache, na hesabu ya pumu ya ngozi inafaa ifanywe kwa mtazamo huo huo.

Mpwa alielezwa anachopaswa kuangalia. Pumu yake ilianza utotoni, inakaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, inapanda na kushuka na majira, na baba yake ana pumu ya kifua. Hakuna cha kukata hapo. Mambo yangekuwa mengine kama mabaka yangeanza ukubwani, yangekaa sehemu zinazofunikwa na nguo bila kuhama, yangekuwa na ukubwa na maumbo yasiyolingana, yangekataa dawa zilizokuwa zikiyaweza, au kama baka moja lingeanza kuwa nene au kuchimba kidonda.

"Kwa hiyo DNA siendi?"

"Nenda kwa daktari wa ngozi, mama. Kama anaona haja, yeye ndiye ataomba."

Katika miaka ya karibuni kipimo chenyewe kimepiga hatua. Badala ya kuzipanga nakala kwa urefu, mashine mpya husoma herufi za kila moja, na hivyo kutofautisha koo mbili ambazo kwa bahati zina urefu sawa, jambo ambalo mwiba wa zamani haukuweza. Husema pia ukoo mkuu ni sehemu gani ya seli T zote zilizomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa mikosisi ya hatua za mwanzo, ukoo wa saratani ukizidi asilimia 25 kwenye kinyama, hatari ya ugonjwa kusonga mbele huwa kubwa zaidi. Hapo kipimo huacha kuulizwa kama ugonjwa upo na huanza kuulizwa utaelekea wapi, na huenda kazi hiyo ikakifaa zaidi. Kwa wengi walio katika hatua ya awali kabisa, wenye mabaka machache tu, urefu wa maisha haupishani na wa watu wengine wa rika lao, kwa hiyo kuwatambua wale wachache walio hatarini kuna faida kuliko kuwatisha wote.

Mashine hizo bado ni ghali na ziko mbali na wagonjwa wengi wa ukanda huu. Kinachoweza kufanywa na hospitali yoyote ni kukata vinyama viwili mahali pawili, kuvitia kwenye fomalini iliyosawazishwa, kuandika kwenye fomu mabaka yalianza lini, yako wapi na yanapakwa nini, na kutunza bloku. DNA iliyo ndani ya nta iliyowekwa mahali pakavu na baridi huweza kusomwa baada ya miaka mingi. Maabara inayotupa bloku ili kupata nafasi kabatini huondoa uwezekano wa kulinganisha ukoo wa leo na ule wa kinyama cha kwanza, hata kama mashine ya kuusoma itanunuliwa mwaka unaofuata.